Kurudia si kuishiwa

Jirani yangu hapa Arua alimwangalia mwanawe akicheka mbele ya katuni, akaniambia: "Kila siku kichekesho kilekile. Waandishi wa vipindi vya watoto wameishiwa mawazo." Wazazi wengi wanaamini hivyo, na ni kosa.

Chukua Peppa Pig, katuni ya Uingereza kuhusu familia ya nguruwe, iliyoanza mwaka 2004. Sehemu moja huchukua dakika tano hivi. Babake Peppa hujitapa kuwa ni fundi wa jambo fulani, kisha mambo yanamharibikia. Mtoto anayetazama akishaizoea tabia hiyo, baba akifungua mdomo tu, yeye anajua kitakachofuata. Baba hajui. Hapo ndipo kicheko kinapozaliwa: mtoto, ambaye nyumbani kila mtu anamzidi maarifa, kwa dakika moja anamzidi mtu mzima. Bila kurudia, furaha hiyo haipo kabisa. Tena marudio hayo yanamwokolea mwandishi muda. Katika dakika tano hana nafasi ya kumtambulisha baba upya.

Bibi zetu walilijua hili zamani. Katika ngano za Wakayima, sungura mjanja wa Waganda, na katika hadithi nyingi za huku kwetu, wimbo uleule hurudi mara kwa mara, na watoto huupokea kabla bibi hajamaliza mstari. Sijawahi kusikia mtu akisema bibi ameishiwa.

Marudio mabaya yapo, sikatai: kichekesho kinarudi bila kubadilika hata chembe. Fundi mzuri hurudia mara mbili, ya tatu anaigeuza.