Upasuaji wa kope kwa leza: ngao kwanza, kisha vipimo

Wengi wakisikia neno leza hudhani hakuna kukatwa. Kukatwa kupo palepale: ngozi ya kope iliyozidi na mafuta yaliyo chini yake huondolewa. Leza ya kabonidayoksaidi hutoa mwanga wa mikromita 10.6 unaofyonzwa na maji ya kwenye seli. Maji yakigeuka mvuke ghafla, ngozi huachana. Joto hilohilo huziba vimishipa vya damu visivyozidi takriban nusu milimita. Faida kubwa ni hiyo: damu haitapakai, nami naona ninachokata.

Lakini mwanga huo ukigusa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, huiunguza. Kwa hiyo baada ya matone ya ganzi na marhamu, naweka chini ya kope ngao ya chuma isiyong'aa. Ya plastiki sikubali kabisa, kwani leza huiyeyusha. Shashi zote za pembeni zilowe maji, na oksijeni ya puani ifungwe kabla ya kuwasha leza, la sivyo uso unaweza kushika moto.

Alama huchorwa mgonjwa akiwa ameketi, kabla ya sindano ya ganzi kuvimbisha ngozi. Kwenye kope la juu, mstari wa chini hufuata mkunjo wa asili. Kwa wanawake wengi uko milimita 8 hadi 10 juu ya ukingo. Jumla ya ngozi inayobaki kati ya nyusi na ukingo huo isipungue milimita 20. Ukizidisha kukata, jicho halifumbi na konea hukauka usiku. Mafuta yakiondolewa, pamba yenye maji huwekwa nyuma yake ipokee mwanga. Upande wa nje usiguse: kinachofanana na mafuta pale huwa ni tezi ya machozi.

Kope la chini hukatwa kwa ndani, bila kovu la nje. Kati ya mfuko wa mafuta wa ndani na wa katikati umepita msuli unaozungusha jicho. Ukiujeruhi, mgonjwa ataona vitu viwili viwili.

Kingo zilizopata joto huungana polepole kuliko za kisu, hivyo nyuzi za kope la juu naziacha siku 7. Zikitolewa mapema, kidonda hufumuka.

Wenye ngozi nyeusi wasiogope leza ya kukata. Ile ya kuchubua mikunjo ndiyo huacha madoa meusi, na siishauri.

Maumivu makali, jicho kutokeza au uoni kufifia baada ya upasuaji ni dalili za damu kuvuja nyuma ya jicho. Mgonjwa arudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, nyuzi zifunguliwe na kona ya nje ya kope ikatwe kupunguza shinikizo.