Uvumbuzi Haudondoki Kama Embe: Dhana Potofu na Ukweli

Kila ninapokaa kwenye baraza ya kahawa pale Kuze, hapa Mombasa, mazungumzo yakifika kwenye mitambo, kauli ni ileile: "Wenzetu wamepewa akili ya kuvumbua, sisi tumeumbwa kununua." Husemwa na wazee wenye heshima zao, na vijana waliokaa pembeni na vikombe vyao huisikia na kuondoka nayo. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka mingi nimekuwa nikisoma jinsi vitu tunavyovitumia vilivyopatikana, na karibu kila hadithi ninayoifuata hadi mwanzo wake hunipeleka kwenye karakana iliyojaa watu.

Dhana: Wazo likishamjia mvumbuzi, kazi imekwisha

Wengi tulisimuliwa utotoni kwamba James Watt alitazama birika likichemka, mfuniko ukarukaruka, naye akavumbua mashine ya mvuke. Ukweli ni kwamba Thomas Newcomen alikuwa ameshaunda mashine ya mvuke inayofanya kazi mwaka 1712, ya kuvuta maji migodini huko Uingereza, na Watt hajazaliwa bado. Watt mwenyewe alikuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Majira ya baridi ya mwaka 1763 aliletewa mfano mdogo wa mashine ya Newcomen autengeneze, kama vile mvuvi wa Likoni anavyompelekea fundi injini ya boti. Akaona mashine inakula mvuke kupita kiasi, kwa sababu silinda ileile ilipashwa moto na kupozwa kila mzunguko. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake.

Hadithi za shule huishia hapo, na kwa fundi yeyote taabu huanzia hapo. Pistoni haikukaa sawasawa ndani ya silinda, mvuke ukavuja, na hapakuwa na aliyeweza kuchonga silinda kubwa iliyo duara kamili. Hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, aliipata mwaka 1769. Mshirika wake wa kwanza, John Roebuck, akafilisika, na Watt akarudi kupima ardhi ya mifereji ili nyumba yake ile. Kilichomwokoa kilitoka kwenye biashara ya silaha: mwaka 1774 John Wilkinson alibuni mashine ya kutoboa mizinga, na ufundi huohuo ndio ulioweza kuchonga silinda za Watt. Matthew Boulton, mwenye kiwanda huko Birmingham, akatoa mtaji. Mashine za kwanza zikaanza kazi mwaka 1776, miaka 11 baada ya wazo. Mimi nikimtaja Watt siku hizi, humtaja pamoja na mtoboa mizinga.

Dhana: Ni bahati tu

Alexander Fleming aliuona ukungu ukiua bakteria kwenye kisahani chake huko London mwaka 1928, na wengi hudhani dawa ya penisilini ilipatikana siku hiyo. Zaidi ya miaka 10 ilipita kabla Howard Florey na Ernst Chain, huko Oxford, hawajaifanya kuwa dawa. Ukungu ulikuwa haba mno, hata mwenzao Norman Heatley akaukuza ndani ya vyombo vya wagonjwa vya kuendea haja kitandani. Mgonjwa wao wa kwanza, askari polisi, alipata nafuu mwaka 1941, kisha dawa ikaisha, akafa. Bahati ya Fleming haikumfaa askari huyo kitu. Ilibidi wengine wajifunze kuitengeneza dawa kwa wingi, na kazi hiyo ikavuka bahari hadi kwenye viwanda vya Marekani.

Dhana: Sayansi hutangulia, mafundi hufuata

Mara nyingine ni kweli. Transista, kile kifaa kidogo kinachoongoza umeme ndani ya redio na simu, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, isingewezekana bila wanafizikia walioelewa mwenendo wa elektroni. Mashine ya mvuke ilikwenda kinyume: Mfaransa Sadi Carnot alichapisha nadharia yake ya nguvu za joto mwaka 1824, zaidi ya karne moja baada ya Newcomen. Na mitepe, yale majahazi ya kale ya pwani yetu, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, haikungoja nadharia ya mtu.

Dhana: Uvumbuzi ni vitu vya umeme na vioo

Nikiwa Likoni nangoja feri, mara nyingi meli hupita mbele yetu ikielekea Kilindini, imepangwa masanduku ya chuma mpaka juu. Watu hawainui macho, wametazama simu zao. Mimi naamini lile sanduku limeubadilisha mji huu kuliko simu.

Babu yangu alikuwa kuli. Alibeba magunia ya kahawa mgongoni kutoka ghalani hadi chini ya kreni, na meli moja iliweza kukaa gatini siku nyingi ikipakiwa gunia kwa gunia. Huko Marekani, tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Aliyeituma, Malcom McLean, alikuwa mwenye malori, wala hakuwa baharia. Masanduku ya mizigo yalikuwepo tangu zamani, kwenye reli na kwenye meli. Alichokiona yeye ni kwamba sanduku peke yake halisaidii: meli, kreni, lori na gati vyote sharti vibadilishwe vilitumikie. Kupakia mzigo wa kawaida kuligharimu karibu dola 6 kwa tani wakati huo, na hesabu ya Ideal X ilitoka chini ya senti 20.

Kisha ikabaki kazi isiyo na sifa, ile ya kukubaliana vipimo. Kila kampuni ilikuwa na sanduku la urefu wake na namna yake ya kulifunga. Wahandisi na wenye meli walibishana mikutanoni karibu miaka yote ya 1960 kuhusu futi, uzito na vipande vya chuma vya pembeni, vile ambavyo kreni hushika. Mwaka 1963 kampuni ya McLean ilikubali hataza ya vipande hivyo itumiwe na wote bila malipo. Hapo ndipo futi 20 na futi 40 vikaweza kuwa vipimo vya dunia nzima. Hakuna atakayetunga hadithi ya kishujaa juu ya mikutano ile, ila bila hiyo kontena la Shanghai lisingekaa kwenye trela la Changamwe.

Upande wa pili nao usemwe. Kazi ya babu ilipungua, kisha ikaisha, na nyumba nyingi za Majengo zilizokuwa zikilishwa na migongo ya makuli zikatafuta pa kushika. Bei ya shati ilishuka kwa jambo lilelile lililowaondoa gatini. Nikiisifu kontena bila kumtaja babu nitakuwa nimesema nusu.

Dhana: Aliyebuni ndiye ajuaye kitu kitatumikaje

M-Pesa tunaijua sote, lakini wachache wanajua ilianza kwa lengo jingine. Ilibuniwa na watu wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie wakiongoza, pamoja na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, ili wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na wateja mia chache, Nairobi na Thika. Wateja wakafanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Walitumiana pesa. Wenye maduka waliweka mauzo ya siku humo ili wasilale na fedha taslimu. Msafiri aliweka pesa kabla ya kupanda basi, akazitoa alikofika.

Wabunifu wangeweza kuwaambia watu wanaitumia vibaya. Badala yake waliwafuata, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lake lilihusu kutuma pesa nyumbani. Kabla ya hapo, kijana wa bandarini aliyetaka kumtumia mamake pesa Voi au Malindi alimpa dereva wa basi bahasha na kuomba dua. Haja ilikuwepo siku zote, na wenye haja ndio waliowaonyesha wahandisi njia.

Dhana: Kuiga si kuvumbua

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Kijana akichukua kitu cha nje akakibadilisha, tunamwambia "umeiga tu". Hebu tutazame tuktuk zinazojaa barabara zetu. Zina ukoo na gari la magurudumu matatu la Piaggio, lililotoka Italia mwaka 1948, nalo lilitokana na pikipiki ya Vespa, iliyochorwa na mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, kampuni ilipohitaji bidhaa nyingine baada ya vita. Wahindi walilichukua wakalifanya lao, na hapa Mombasa likaingia vichochoro ambavyo matatu haipiti.

Au jiko la kauri, ambalo pengine liko jikoni mwako sasa hivi. Wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, likafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi na mafundi wa jua kali wakalipa kiuno: bati likabanwa katikati, kauri ikakaa nusu ya juu peke yake, na jiko likasimama imara mtu akisonga ugali. Linaokoa makaa kwa theluthi moja au zaidi ukilinganisha na jiko la bati tupu. Yule aliyebana lile bati hakuvumbua moto wala kauri, nami simwiti mwigaji.

Mwezi uliopita nilimpitia fundi mmoja Majengo, nikamkuta anakata bati, mlango wa majivu mkubwa kuliko niliozoea kuona. Nikamuuliza mbona hivyo. Akaniambia wateja wake wengi huchanganya makaa na vifuu vya nazi, na majivu ya vifuu huziba haraka.

"Nani alikufundisha, fundi?"

"Kuna mama muuza mahamri, huyo hapo kona," akasema bila kuinua kichwa. "Alinirudishia jiko mara tatu."