Filamu Fupi na Wanadarasa: Tuliyoyaamini na Yaliyotukuta

Tulikuwa saba, mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, na hadithi yetu ilikuwa nyepesi: jamaa anamaliza bumu lake lote, ile posho ya mkopo wa chuo, kwa siku tatu, kisha anahangaika kutunga uongo wa kumwambia mama yake kwenye simu. Dakika nane tu. Tulidhani wikiendi moja inatosha. Ilituchukua miezi miwili na nusu, na tulipomaliza wawili kati yetu walikuwa hawasalimiani. Tangu hapo huwa naitwa kusaidia vikundi vya wanafunzi, wa vyuo na wa sekondari, na kila mara nasikia sentensi zilezile tulizokuwa tukizisema sisi.

"Ni fupi, kwa hiyo ni kazi ndogo"

Wengi wetu tumekulia Bongo Movie za Part 1 na Part 2, kwa hiyo dakika nane tunaziona kama kionjo. Lakini ufupi wa filamu haupunguzi kazi ya sini moja, yaani tukio moja la mahali pamoja. Piga hesabu. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hukaribia dakika moja kwenye skrini. Chukua ukurasa huo mmoja: watu wawili bwenini wanabishana juu ya deni la elfu kumi. Unataka picha pana ya chumba, picha ya huyu kupitia bega la yule, picha ya yule kupitia bega la huyu, na picha ya karibu ya noti mkononi. Mara nne unahamisha simu, taa na watu. Kila pembe irudiwe mara tatu, maana mmoja atasahau maneno na mwingine atacheka. Hizo ni mara 12 kwa dakika moja ya filamu, na bado hujahesabu muda wa kumbembeleza mwenye chumba atoke.

Siku yetu ya kwanza tulianza saa mbili asubuhi. Jua linazama, tuna kurasa mbili. Na huku karibu na Ikweta jua likizama limezama: una kama dakika 20 za mwanga wa kutumika, baada ya hapo ni giza. Ile jioni ndefu ya rangi ya dhahabu mnayoiona kwenye filamu za Ulaya hapa haipo, kwa hiyo msiiandike kwenye skripti.

Kinachopunguza kazi ni idadi ya sehemu na watu. Watu wawili, chumba kimoja, tatizo moja lenye mwisho. Sisi tulikuwa na sehemu sita, ikiwemo daladala. Daladala!

"Hatuna kamera"

Filamu ya Marekani iitwayo Tangerine, ya mwongozaji Sean Baker, iliyooneshwa tamasha la Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5s, simu iliyotoka 2013. Simu nyingi za kawaida mlizonazo mfukoni leo haziachwi mbali na hiyo. Ila watu wakisikia habari hii huibeba nusu: "Kumbe simu inatosha." Wale walifunga lenzi ya ziada mbele ya simu, na walitumia programu iliyowaruhusu kushika wenyewe mipangilio ambayo simu hupenda kujiamulia.

Hapo kwenye kujiamulia ndipo penye kazi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa nao. Ukipiga chini ya taa za tyubu au balbu za bei rahisi, simu ikajichagulia kasi yake ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga), utaona mistari inapanda na kushuka kwenye picha. Weka fremu, yaani picha mojamoja za video, 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, mistari mingi itatoweka. La pili ni nyuso. Kuta za bweni ni nyeupe, sisi ni weusi; simu inaupima ukuta, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na mwigizaji wako anabaki macho na meno. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka alama ya kufunga itokee, kisha umsogeze mbali na ukuta na umgeuze ubavu kuelekea dirishani. Asiligeuzie dirisha mgongo. Hiyo haigharimu hata shilingi.

"Sauti tutarekebisha wakati wa kuhariri"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nivumilieni.

Simu iliyo mita mbili kutoka kwa mwigizaji inasikia chumba kizima kabla ya kumsikia yeye: feni, friji, bodaboda, jogoo asiyejua saa. Programu za siku hizi zinapunguza mvumo wa feni, kwa sababu mvumo haubadiliki, na mashine huutambua. Zikikutana na mwangwi wa chumba kitupu, au honi iliyopita juu ya neno, zinamtoa mwigizaji kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, hata akadhani mmekusudia. Asiposikia maneno, anatoa simu yake.

Na kuna shida ambayo hatukuifikiria kabisa mpaka tulipokaa kuhariri. Sini ya mama kwenye simu tuliipiga kwa pembe mbili. Tukiwa katikati ya pembe ya kwanza, adhana ya adhuhuri ikaanza. Tukaendelea, tukisema ni sauti ya mtaa, inaleta uhalisia. Pembe ya pili tulipiga saa nane. Kwenye kompyuta, kila tulipokata kutoka pembe moja kwenda nyingine, adhana ilikatika ghafla, ikarudi, ikakatika tena. Sini nzima ikarudiwa. Adhana zina ratiba inayojulikana. Ipangieni, mpumzike na mle wakati huo. Jogoo ndiye asiye na ratiba.

Dawa ya sauti mbovu ni simu ya pili. Ifanye kinasa sauti, uifiche karibu na mdomo wa mwigizaji, sentimita 20 au 30: nyuma ya vitabu, chini ya leso mezani, mfuko wa shati. Kila mnapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye mlinganishe picha ya viganja vinavyokutana na mlio wake. Rudieni kofi kila mara, msipige moja la asubuhi mkategemea lifike jioni. Simu haishiki idadi ileile ya fremu kila sekunde, na kipande kikirefuka mdomo na sauti huanza kuachana. Tundikeni mablanketi na vitenge upande usioonekana, yameze mwangwi. Kabla ya kuhama chumba, wote nyamazeni, mnase nusu dakika ya ukimya wa chumba kile. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri ataukimbilia kuziba mianya.

Friji izimwe. Kisha aliyeizima aweke funguo zake ndani ya friji, ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Ujanja huu wa watu wa sauti ni wa zamani. Sisi tuliujua baada ya kuozesha kilo mbili za samaki za shangazi wa mwenzetu.

"Mwigizaji mzuri ni anayelia"

Wengi wanaoingia kwenye filamu za shule wametoka kwenye ngonjera na maigizo ya jukwaani, ambako mwalimu alikaa mstari wa nyuma akisema "sikusikii!" Wamefundishwa kurusha sauti na mikono. Kamera ipo nusu mita kutoka usoni. Kwake mkono uliorushwa ni ngumi.

Mrusi Lev Kuleshov, karne moja iliyopita, anasifika kwa jaribio moja: alichukua uso uleule wa mwigizaji, uliotulia, akaupachika mara baada ya sahani ya supu, mara baada ya jeneza la mtoto, mara baada ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, majonzi na matamanio, na kumsifu mwigizaji, ilhali uso haukubadilika. Filamu yenyewe haikubaki, na simulizi zinatofautiana kidogo, lakini jambo hili unaweza kulijaribu leo kwa simu yako. Mwambie mwenzako atazame dirishani asifanye chochote. Kisha pachika picha ya ujumbe wa M-Pesa wenye salio la shilingi 312. Amefilisika. Hakuhitaji machozi.

Mwigizaji wetu alilia vizuri sana, kwa kweli alilia kuliko skripti ilivyoomba, na tulipoitazama darasa lilicheka. Tulichokibakiza mwishowe ni sekunde nne alizokaa akimsubiri kameramani awe tayari, hajui kama simu tayari inarekodi.

"Sisi ni marafiki, hatuhitaji bosi"

Tulisimama wote saba nyuma ya simu moja, kila mmoja akimwelekeza mwigizaji. "Kaa." "Hapana, simama." Urafiki wenu utakufa hapo, si kwa ugomvi mkubwa, kwa vineno vidogo vidogo vya saa saba mchana watu wana njaa. Mwongozaji awe mmoja, na wengine wamnong'oneze yeye. Mwingine ashike kamera, mwingine sauti, mwingine ratiba na chakula. Chakula si suala dogo. Wali maharage uliofika kwa wakati umeokoa filamu nyingi kuliko lenzi.

Kisha awepo mtu wa daftari, ambaye kila kikundi humwona hana kazi. Kazi yake ni kukumbuka: glasi ilikuwa na maji kiasi gani, begi lilikuwa bega lipi, shati lilifungwa vifungo vingapi. Apige picha kila mwisho wa sini. Sisi hatukuwa naye. Dada aliyeigiza mdai wa deni alipigwa picha Jumamosi akiwa na rasta ndefu, anafika mlangoni, anagonga. Sini ya ndani ikasogezwa Jumamosi iliyofuata, naye katikati ya wiki alikuwa amefumua na kusuka twende kilioni. Kwa hiyo kwenye filamu yetu anagonga mlango na rasta, anaingia na twende kilioni. Hatukuwa na namna. Tulimfunga kitambaa, tukarudia mlango, na hapo ndipo wale wenzetu wawili niliowataja mwanzoni walipoacha kusalimiana, kila mmoja akisema ilikuwa zamu ya mwenzake kumkumbusha.

"Sisi wanafunzi tu, na wimbo wenyewe ni nusu dakika"

Hakuna sheria inayosema sekunde 30 za wimbo wa mtu ni bure. Namba hiyo watu wameitunga. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kuandika jina la msanii mwishoni si ruhusa yake. Ukiipandisha YouTube, mashine yao inautambua wimbo hata mkiongea juu yake. Hata wimbo wa asili una mtego: tuni inaweza kuwa ya mababu, lakini rekodi uliyopakua ina mwenyewe. Tafuteni mwanafunzi mwenye gitaa, arekodi dakika mbili, asaini karatasi. Waigizaji nao wasaini, na aliye chini ya miaka 18 mzazi wake asaini.

Kibali ni mada nyingine. Filamu nchini zinasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, chini ya Bodi ya Filamu. Kenya nayo ina sheria yake ya filamu, Sura ya 222, na bodi yake. Mnapotaka kuonesha filamu hadharani, nje ya darasa, msianze kwa kukisia. Nendeni kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, mkiwa na barua ya chuo. Barua hiyohiyo itawafaa barabarani, maana askari au mlinzi wa stendi hajui nyie ni "wanafunzi tu". Bandarini, benki na kambini msitoe simu kabisa.

"Tutarushiana vipande WhatsApp"

Video ikitumwa kama video inabanwa, picha inakuwa uji. Itume kama hati (document). Bora zaidi, jioni ileile hamishieni kila kitu sehemu mbili tofauti, msiziweke begi moja.

Siku ya kuonesha tuliazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukumbini, tukaunganisha spika ya Bluetooth ya mwenzetu. Mama akafungua mdomo, sauti ikaja baadaye kidogo, kama simu ya kutoka ng'ambo. Tuliwaza tumekosea kulinganisha sauti, tukatazamana. Ilikuwa Bluetooth tu. Huchelewesha sauti, na kwenye muziki hujui kwa kuwa hakuna mdomo wa kuutazama. Tukasimamisha filamu dakika ya pili, mtu akakimbia bweni kutafuta waya.