Maambukizi ya Bakteria Kwenye Vali Bandia ya Moyo Hugunduliwaje?

Swali: Nina vali bandia (mlango wa kutengenezwa unaoongoza damu moyoni) na nimepata homa kwa siku kadhaa. Je, nimeze antibayotiki zilizobaki nyumbani?

Jibu: Hapana, na jibu hili ningependa likumbukwe kuliko yote yanayofuata. Homa isiyo na chanzo cha wazi kwa mtu mwenye vali bandia hudhaniwa kuwa maambukizi ya vali mpaka vipimo vioneshe vinginevyo, na kipimo kikuu ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Dozi chache tu za antibayotiki zaweza kuwazuia bakteria wasiote maabara ilhali wangali hai kwenye vali, na daktari akabaki kutibu kwa kubahatisha ugonjwa ambao matibabu yake huchukua angalau wiki 6. Ndiyo maana damu hutolewa kabla ya dawa, kwa kawaida mara 3, kutoka mishipa tofauti. Kwa mgonjwa mahututi hayo hufanywa haraka, kisha dawa huanza bila kusubiri majibu.

Swali: Kwa nini mara 3?

Jibu: Bakteria aitwaye Stafilokokasi epidermidi, ambaye ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi haya katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, huishi pia kwenye ngozi ya kila mtu. Akiota katika sampuli moja tu, huenda sindano ilimbeba kutoka kwenye ngozi. Akijirudia katika sampuli zote, ni vigumu kumpuuza.

Swali: Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kilichofanyiwa kifuani, hakikuonesha kitu. Je, niko salama?

Jibu: Bado. Vali ya chuma hutupa kivuli kinachoficha uvimbe wa maambukizi, hivyo kifaa chembamba cha mawimbi hayo ya sauti hupitishwa kwenye umio (njia ya chakula), ulio nyuma ya moyo, ili kuiona vali kwa karibu. Shaka ikibaki, kipimo hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7. Picha za CT (eksirei za kompyuta) husaidia kuona jipu kandokando ya vali, na kipimo cha umeme wa moyo, japo ni rahisi, chaweza kuashiria jipu hilo pale mapigo yanapoanza kuchelewa kupita kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini.

Swali: Na damu isipootesha chochote?

Jibu: Mweleze daktari dawa zote ulizomeza, na kama umehudumia mifugo au paka, kwa kuwa bakteria Koksiela, atokaye kwa mifugo, na Bartonela, atokaye kwa paka, hutafutwa kwa kupima kingamwili (protini za kinga ya mwili) kwenye damu.