Kibao cha steshenari

Mtaani kwangu Dar es Salaam kuna duka la kutoa kopi lenye kibao kilichoandikwa "STATIONARY". Hatua chache mbele liko jingine: "STATIONERY". Kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri Kiingereza cha watu, huulizwa lipi limepatia. La pili. Lenye "a" ni sifa ya kitu kisichosogea, kama daladala kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni.

Walimu wengi hufundisha ukumbuke "e" ya "envelope", na inasaidia. Mimi hupenda kumweleza mtu asili, maana maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Ulaya ya zama za kati ilijaa wachuuzi wa kutembeza, machinga wa enzi hizo. Muuza vitabu wa jirani na chuo yeye alikuwa na mahali pake pa kudumu, akaitwa kwa Kilatini "stationarius". Waingereza wakamwita "stationer", na chama cha wauzaji hao kiliundwa London mwaka 1403. Bidhaa zake ndizo "stationery", kama "baker" alivyozaa "bakery". Ukishamwona huyo muuzaji ndani ya neno, "e" haikupotei tena. Na mwenye kibao cha kwanza tumpe haki yake: duka lake kweli halitembei.

Tunaponzwa na sikio. Kiswahili tunakiandika kama tunavyokitamka, kwa hiyo tunaliamini sikio hata pale ambapo Kiingereza kinalidanganya. Ila zipo jozi ambazo sikio hilohilo ndilo mkombozi. "Lose", kupoteza, huishia na sauti ya z. "Loose" huishia na s. Nani kwetu huchanganya zana na sana? Kijana anayemwandikia mpenzi wake "I don't want to loose you" anamwambia hataki kumfungulia, utadhani ni mbuzi wa kambani.

"Advise" na "advice" nazo zisikilize: yenye z masikioni ni kushauri, yenye s ni ushauri. Waingereza huandika "practise" na "practice" kwa mpango huohuo, kitendo kwa "s" na nomino kwa "c", ingawa hapo matamshi hayatofautiani. Wamarekani wameamua kuandika "c" kote, wakapumzika.

"Principal" ni mkuu, hata kwenye mkopo: ile pesa yenyewe uliyochukua, kabla ya riba. Hili nililijua kwa aibu. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ya ualimu niliielekeza kwa "The Principle" wa chuo fulani. Siku ya usaili niliikuta mezani, neno limezungushiwa wino mwekundu. Mkuu wa chuo akavua miwani, akaniangalia.

"Karibu, mwalimu. Kumbe mimi ni kanuni?"