Je, wajua kwa nini sheria mbili za Uingereza zilivutana juu ya neno "mwanamke"?

Tukinywa kahawa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, mzee mmoja aliyesikia habari za London redioni aliniuliza: "Mwanangu, serikali inampa mtu cheti kuwa ni mwanamke, kisha mahakama inasema siye. Imekuwaje?"

Cheti hicho, cha mtu aliyebadili jinsia, kinatokana na sheria ya kutambua jinsia ya 2004, iliyotungwa baada ya Uingereza kushindwa kesi mwaka 2002 katika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya. Mwenye cheti huhesabiwa wa jinsia yake mpya "kwa madhumuni yote". Wengi huishia kusoma hapo. Kifungu hichohicho cha 9 kinaendelea: ila pale sheria nyingine itakapoelekeza vingine.

Ikaja sheria ya usawa ya 2010, inayolinda sifa tisa. Jinsi ni moja, kubadili jinsia ni nyingine. (Hapa Kiswahili kinatusaidia: jinsi ni ya maumbile, jinsia ni ya maisha ya kijamii, ingawa mitaani tunayachanganya.) Ila haikusema wazi kama "mwanamke" wake ni pamoja na mwenye cheti.

Ugomvi ukazuka Scotland, kwa sheria ya 2018 iliyolenga nusu ya wajumbe wa bodi za umma wawe wanawake. Sisi wenye viti maalumu Baraza la Wawakilishi tunajua uzito wa hesabu kama hiyo. Kikundi cha For Women Scotland, kilichopinga wenye cheti kuhesabiwa humo, kilishitaki, na tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walikubaliana wote: katika sheria ya 2010, mwanamke ni kwa maumbile ya kuzaliwa.

Hoja yao iliyonigusa zaidi ni ya mja mzito. Sheria hiyo humlinda "mwanamke" mwenye mimba. Aliyezaliwa mwanamke akapata cheti cha mwanamume anaweza kushika mimba. Kipimo kingekuwa cheti, angekosa ulinzi huo. Na neno moja haliwezi kubeba maana hii kwenye mimba na ile kwenye bodi.

Nikamwambia mzee asiondoke na nusu ya habari. Cheti hakikufutwa. Anayefukuzwa kazi kwa sababu amebadili jinsia bado anaweza kushitaki, na anayebaguliwa kwa kudhaniwa mwanamke naye pia, awe na cheti au hana.