Mifumo kusomana maana yake nini?

Mkazi wa Ukerewe mwenye shida ya ofisini Mwanza mjini huanza kwa kupiga hesabu: nauli ya meli kutoka Nansio, bodaboda, chakula, na pengine pa kulala. Akiambiwa dirishani "kalete nakala ya kitambulisho", siku imekwisha.

Serikali mtandao ilikusudiwa kumpunguzia safari hiyo. Ni utaratibu wa taasisi za umma kutoa huduma, kupokea malipo na kupeana taarifa kwa TEHAMA. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2019, na msimamizi ni Mamlaka ya Serikali Mtandao. Wengi wakisikia jina hilo hufikiria tovuti. Lakini fomu unayoipakua, ukaichapisha steshenari kisha ukaipeleka ofisini kwa miguu, safari iko palepale na hela ya kuchapisha imeongezeka. Kiini chake ni mifumo kusomana: ofisi moja kuiuliza nyingine, badala ya mwananchi kubeba majibu kwenye bahasha.

Chukua usajili wa laini ya simu. Unafika kwa wakala pale Kirumba, unataja namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, unaweka kidole. Alama inakwenda kwenye kanzidata ya NIDA, inalinganishwa na ile uliyoacha ulipojiandikisha, jibu linarudi ungali umesimama. Hakuna nakala wala barua ya mwenyekiti wa mtaa. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, nayo hutumia namba hiyohiyo kwa anayesajili jina la biashara.

Kwenye malipo kuna GePG, mfumo wa Serikali wa kupokea malipo, ulioanza 2017 na kutuletea kontro namba. Kila ankara ina namba yake, kwa hiyo ukilipa kwa simu ukiwa mwaloni, mfumo unajua ni deni lipi limelipwa, na fedha haipiti mkononi mwa mtu. Kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Risiti ya karatasi ikilowa ziwani, malipo yako bado yanaonekana.

Mwenye kitochi hajaachwa: menyu ya huduma za Serikali, *152*00#, haihitaji intaneti.

Anayenitia wasiwasi ni mvuvi aliyevuta kamba na nyavu miaka mingi hadi alama za vidole zikalika, mashine isimtambue. Huyo anahitaji ofisa wa kumsikiliza na kumhakiki kwa njia nyingine, na ofisa huyo awe Nansio.